Mshtakiwa wa Pili: Maisha ya Mama Pasi

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika kutusitiri siku ya leo, familia imenikabidhi kazi ya kuwasomea maisha ya wifi yangu, mke wa kaka yangu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Pasi, na kabla sijaanza naomba mnivumilie, maana niliambiwa niandike ukurasa mmoja na nimeshindwa, huyu mtu hakai kwenye ukurasa mmoja.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1956, akiwa mtoto wa nne wa baba fundi viatu na mama aliyekuwa mpishi wa shule, katika nyumba ya vyumba viwili iliyokuwa nyuma ya karakana ya reli, na mama yake mzazi alikuwa akisimulia kwamba alizaliwa mchana kweupe, king'ora cha karakana kikilia wafanyakazi wakapumzike, ndiyo maana, alidai, mtoto yule hakuwahi kuchelewa popote maishani. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, akafaulu vizuri, lakini nyumbani palikuwa na uwezo wa kumsomesha mmoja tu sekondari na nafasi hiyo ikaenda kwa kaka yake, naye akalipokea jambo hilo kwa uso mkavu, hakununa, hakulalamika, ila hadi uzee wake ukimpelekea sare za shule kupiga pasi alikuwa akizitanguliza mbele ya nguo za wakubwa, hata kama mkubwa mwenyewe amesimama mlangoni anatazama saa.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hoteli moja kubwa, akianzia kwenye mashuka, akapanda hadi kwenye mashati ya wageni, na huko ndiko alikojifunza kwamba shati huanziwa kwenye kola, kisha mabega, kisha mikono, na kwamba anayeanza na mgongo anajichosha bure, somo ambalo baadaye alilitangaza kwa kila mtu, hata kwa waliokuwa hawana habari na mashati. Hapo hotelini ndipo alipokutana na kaka yangu, dereva wa malori ya masafa marefu, aliyekuwa akileta mizigo ya hoteli na kupitishia shati lake dirishani, na kwa kuwa alileta shati lile lile kila alipokuja, msichana wa dirishani alimuuliza siku moja kama hana shati jingine au ana shida nyingine, kaka yangu akasema ana shida nyingine, na tarehe 16 Juni 1979 wakafunga ndoa.

Bwana na bibi harusi walihamia kwa mama yetu, ambaye wakati huo alikuwa mjane, mwenye nyumba na mwenye neno la mwisho katika kila jambo, na mimi, sitawaficha, nilikaa mkao wa kusubiri vita, kwa sababu namjua mama yangu, alikuwa mtu wa kukagua sufuria iliyokwisha kuoshwa. Vita haikuja. Siku za mwanzo walitazamana tu, kila mmoja akimpima mwenzake, mpaka siku wifi yangu alipolichukua gauni la mama la kutokea, lile la mistari ambalo mikunjo yake ilikuwa imewashinda madobi wote wa mtaani, akalitia wanga, akalinyoosha mkunjo mmoja mmoja na kulirudisha kwenye henga bila neno. Mama alilizunguka lile gauni kama mnunuzi, akaliacha, akalirudia, kisha akampa mkwe wake chumba cha mbele kinachotazama barabara, akasema afungue kazi yake mwenyewe, na mwaka 1981 biashara ya dobi ikaanza kwa pasi mbili za umeme na meza moja ndefu.

Walibarikiwa watoto watatu, wa kwanza, wa kiume, alizaliwa mwaka 1980 na leo ni mwalimu wa hisabati, wa pili, wa kike, alizaliwa mwaka 1984 na leo ni muuguzi, na wa tatu, binti yetu kitinda mimba, alizaliwa tarehe 3 Oktoba 1988, naye ndiye ambaye bibi yake alimbandika jina la Mshtakiwa wa Tatu. Nawaona wageni mnatazamana. Marehemu mwenyewe aliagiza, akiwa na akili zake timamu, kwamba habari ya mahakamani isomwe leo yote, kwa sababu huko mitaani ilizungushwa kwa midomo mingi mpaka wako wanaoamini kwamba yeye na mama yetu walifungwa, na wengine kwamba waliwahi kushikana nywele mbele ya hakimu.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 9 Machi 1988, mafundi wa umeme walipokuja na askari kukagua mita mtaa mzima, wakafungua kisanduku cha nyumba yetu na kukuta waya mmoja unaochepuka kabla ya umeme kufika kwenye mita, unaingia ukutani katika chumba cha kulala cha mama, unapita nyuma ya kabati lake la nguo, na kwenda kulisha chumba cha mbele, kwenye pasi. Kaka yangu alikuwa safarini na lori, nyumbani walikuwa wanawake wawili tu, basi askari mmoja akamhoji mama chumbani na mwingine akamhoji wifi yangu kule mbele, milango imefungwa, kila mmoja peke yake.

Sasa sikilizeni kichwa cha wifi yangu kilivyokwenda. Waya umetoka chumbani kwa mama, bili za umeme analipa mama na siku zote anasema ni ndogo usijali mwanangu, kwa hiyo mama, kwa huruma zake, kumbe alikuwa anaiba umeme ili kazi ya mkwe wake isimame, na mama ana umri mkubwa na miguu inayovimba, jela ataiweza wapi. Akamwambia askari kwamba ni yeye aliyeuweka ule waya na mama hajui lolote. Na kichwa cha mama, upande wa pili wa ukuta, kilikwenda njia ile ile kwa miguu mingine, yeye aliambiwa tu kwamba waya unalisha pasi, akawaza mwaka jana tu mkwe wangu ameongeza pasi kubwa na bili haikupanda, kumbe mtoto wa watu alihangaika akatafuta fundi, na ana mimba changa, akajifungulie jela mjukuu wangu? Akamwambia askari kwamba ni yeye aliyeuweka na mkwe wake hajui lolote. Wote wawili walitia sahihi, wakatoka wakakutana ukumbini, wakashikana mikono bila kusemeshana, kila mmoja akijiona amemwokoa mwenzake.

Walishtakiwa pamoja, kwa kosa moja la kuiba umeme kwa kushirikiana, na kashfa ya kwanza mahakamani ikawa ya mama, aliyekuta jina la mkwe wake limetangulia katika hati ya mashtaka akakataa katakata, akisema yeye hawezi kuitwa mshtakiwa wa pili nyuma ya mtoto aliyeolewa nyumbani kwake, na karani, ili kazi iendelee, akayabadilisha majina. Ndivyo wifi yangu alivyokuwa mshtakiwa wa pili. Walipoulizwa kama ni kweli, mama akajibu kwamba ni kweli, alifanya yeye, huyu hakujua, na wifi yangu akajibu kwamba ni kweli, alifanya yeye, mama hakujua, hakimu akaweka kalamu chini, akasema majibu ya namna hiyo hayakubaliki kuwa ni kukiri kosa la kushirikiana, akaandika kwamba wote wamekana na kesi itasikilizwa. Mwendesha mashtaka hakutetereka hata kidogo, yeye aliona ana watu wawili wanaokubali waya mmoja, ataka nini tena.

Kaka yangu aliporudi safari akakuta mama yake na mke wake wana kesi, alikaa kwenye ngazi ya mlangoni na viatu vyake mkononi, hakujua aingie upande gani, kisha akaenda kutafuta wakili. Alipata wakili mmoja kwa wote wawili, mwanamama mfupi mwenye miwani na sauti ya chini, na wakili huyo alipomchukua kila mmoja pembeni akapewa agizo moja, mtetee mwenzangu, mimi niache. Alipomdadisi wifi yangu aseme ukweli, wifi yangu alikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake, na ukweli, ambao mimi alinisimulia baadaye, ulikuwa kwamba hakuthubutu hata kuufikiria, kwa sababu benchi lile lilikuwa na watu wawili tu, na akisema si mimi, basi amemnyooshea kidole aliyekaa ubavuni pake. Alilala na hilo na kuamka nalo. Mtoto tumboni alikuwa ameanza kucheza, na kila alipocheza, wifi yangu alihesabu atakuwa gereza gani siku ya kujifungua, na bado hakubadili neno.

Wakili aliliona tatizo. Akasema yeye hawezi kuwatetea wote, kwa sababu akimwokoa mmoja kwa maneno ya mwenzake anammaliza mwenzake, basi akabaki na wifi yangu, akamkabidhi mama kwa mwanasheria mwingine wa ofisini kwake, na wote wawili wakaomba mahakama iwatenganishe, kila mmoja asikilizwe kivyake. Mwendesha mashtaka alipinga, na tuseme haki, hoja zake hazikuwa za kijinga, nyumba ni moja, waya ni mmoja, mashahidi ni wale wale, kwa nini wasimulie mara mbili, na je, ikitokea hukumu mbili zinazopingana juu ya waya mmoja, watu wataiheshimu vipi mahakama. Wakili akajibu taratibu kwamba kila mmoja wa hawa anamhitaji mwenzake awe shahidi, na aliye kizimbani hawezi kulazimishwa kutoka akatoe ushahidi, kwamba kila karatasi ya kukiri ingetakiwa kumhusu aliyeisema tu lakini zikisomwa pamoja hakuna sikio litakalozitenga, na la mwisho, ambalo wifi yangu alisema lilimpiga kifuani, kwamba wanawake hawa hawajibu mashtaka, wanajibu uso wa aliyekaa pembeni.

Hakimu aliahirisha ili akafikiri, akarudi na uamuzi ambao wifi yangu aliushika neno kwa neno hadi mwisho wa maisha yake, akasema, "Wanaoshtakiwa kwa tendo moja husikilizwa pamoja, na usumbufu peke yake si sababu ya kuwatenganisha, lakini pale ambapo kukaa pamoja kunamzuia mmoja wao kusema ukweli, mahakama haina haki ya kuwaweka benchi moja."

Mngedhani familia ilishangilia. Mama alitoka pale amefura, anauliza kwa nini wametenganishwa kama watu waliogombana, majirani nao wakachukua hilo hilo, wakasema ahaa, wameshageukana, na wifi yangu alilia barabara nzima, kwa sababu alichokielewa yeye ni kwamba mama atasimama kizimbani peke yake na hatakuwepo mtu wa kumshikia mkoba. Naye alikuwa na hakika kabisa kwamba mama ndiye. Kila siku alipompelekea chai chumbani alilitazama lile kabati, akaondoa macho haraka.

Kesi ya wifi yangu ilitangulia, mwezi Julai, tumbo limeshakuwa kubwa, akaruhusiwa kukaa. Fundi wa umeme alitoa ushahidi wake kwanza, akaeleza waya unapita chini, karibu na sakafu, ndani ya ukuta nyuma ya kabati, na mama wakati huo alikuwa nje, kwa sababu safari hii hakuwa mshtakiwa mle ndani, alikuwa shahidi, na shahidi husubiri nje mpaka aitwe. Hilo ndilo jambo ambalo hakuna aliyelipanga na ndilo lililobadilisha kila kitu. Kama wangekuwa benchi moja, mama angelisikia kila neno la fundi, na kwa jinsi ninavyomjua angeupanga uongo wake ukakaa sawa kama mashuka ya hoteli.

Mama aliitwa, akaingia na gauni lake la kutokea, hakimu akamwonya kwamba halazimiki kujibu swali litakalomtia hatiani, mama akamshukuru na kusema hilo ndilo alilokuja kulifanya. Wakili akamuuliza ule waya aliufungia wapi. Mama, bila kupepesa, akasema aliufungia juu, darini, kwenye taa, akisimama juu ya stuli, na kwamba aliuzungushia kitambaa usionekane.

Wifi yangu alisema kwamba aliposikia neno darini ndipo alipoelewa. Mama hajui waya ulipo. Miezi yote ile alikuwa amejiandaa kwenda jela kwa ajili ya kosa la mtu ambaye hakulifanya, na mtu huyo alikuwa pale mbele, amevimba miguu, anajipeleka jela kwa ajili yake. Akainuka bila ruhusa, ameshika tumbo, akasema, "Mheshimiwa, mama hakufanya, na mimi sikufanya, ule waya sijawahi kuugusa. Nilidhani ni yeye."

Mama alimgeukia, na hakuna aliyemkataza.

"Ulidhani ni mimi?" akamuuliza. Kisha sauti ikashuka. "Na mimi nilidhani ni wewe."

Baada ya hapo lililobaki lilikuwa kwenda kuutazama ukuta, jambo ambalo lilipaswa kufanyika siku ya kwanza, lakini ukishapata watu wawili wanaokiri, nani atahangaika na ukuta. Hakimu alifika nyumbani, kabati likasogezwa, plasta ikachimbwa, na waya ukaonekana umezikwa chini ya rangi tatu, ya juu ikiwa ile ya kijani ambayo marehemu baba yetu aliipaka mwaka tuliohamia, nao ukafuatwa hadi chumba cha mbele, kwenye sakafu penye mashimo ya bolti ambapo aliyetuuzia nyumba, seremala aliyekwisha kufariki, alikuwa na msumeno wake wa umeme. Nyumba ilinunuliwa mwizi wake akiwa tayari yumo ndani. Tarehe 22 Julai 1988 wifi yangu aliachiwa huru, na wiki iliyofuata mashtaka dhidi ya mama yakaondolewa, na tarehe 3 Oktoba mtoto akazaliwa katika hospitali ya kawaida, kitanda cha dirishani, bibi yake akiwa wa kwanza kumpakata.

Ningependa kuishia hapo kwa furaha, ila marehemu alisema yote. Furaha ilipopoa, maneno yale ya mahakamani, nilidhani ni wewe, yalianza kuwauma. Mama hakugombana naye, alimsalimia, alimbebea mtoto, lakini aliacha kumpa nguo zake, na kwa mwaka mzima akatembea na nguo zenye makunyanzi, mtaani, sokoni, kwenye harusi za watu, mama mkwe wa dobi huyo, ili ulimwengu mzima uone. Wifi yangu alikonda. Mwishowe aliingia chumbani kwa mama, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akamuuliza mama swali bila kuzunguka, kama amekasirika kwa sababu alimwona mwizi, au kwa sababu gani. Mama akamjibu, "Ningekuwa mwizi, wa kwanza kumwambia ungekuwa wewe. Wewe hukuja kuniuliza." Wifi yangu akamwambia na wewe hukuja, mama akasema ni kweli, sikuja, wakakaa kitandani wakalia, kisha mama akafungua kabati akamtupia rundo zima la nguo. Kuanzia siku ile ilikuwa sheria ya nyumba ile, mtoto akishukiwa jambo anaulizwa peke yake, mlango umefungwa, kabla hajatetewa na yeyote, na wanawe watatu hapa ni mashahidi kwamba hakuna aliyeponea kwa mgongo wa mwenzake wala kuchapwa kwa kosa la mwenzake.

Mama yetu alifariki mwaka 1997, mikononi mwa wifi yangu, na kaka yangu alistaafu udereva mwaka 2010. Marehemu aliendelea na kazi yake hadi mwaka 2019, alipoanza kusumbuliwa na moyo, akatibiwa, akapata nafuu, akarudia meza yake kwa siri mpaka binti yake muuguzi akazificha pasi. Hali ilibadilika mwezi Desemba mwaka jana, akalazwa, na Jumanne ya tarehe 6 Februari 2024, saa nne asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono, aliaga dunia. Siku chache kabla, nilipokuwa namlisha uji, aliniambia kwamba alimpenda mama yangu kiasi cha kutaka kufungwa kwa ajili yake, na bado jambo linalomuuma ni kwamba ilikuwa rahisi kwake kwenda jela kuliko kumuuliza. Nikampangusa mdomo.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo ambao hawakuchoka naye ingawa aliwakosoa mashuka, kwa majirani mliopika na kukesha nasi, kwa madobi wenzake waliofunga kazi zao leo, kwa madereva waliomleta kaka yangu hadi hapa akiwa hawezi kushika usukani, na kwa wakili wetu, mwanamama yule yule, ambaye sasa ana mvi na ameketi pale nyuma. Marehemu ameacha mume, watoto watatu na wajukuu watano.

Wifi yangu, madaktari walipotuita ukumbini kutuambia hakuna la kufanya zaidi, kaka yangu aliwaomba wamchukue yeye, mwanao mwalimu akasema hapana, mimi ndiye kijana, mnichukue mimi, na Mshtakiwa wa Tatu akawasukuma wote akasema ni mimi, nami nikajikuta nimeinua mkono nikisema ni mimi, na daktari akatutazama tu, maana huko wito huwa wa mtu mmoja mmoja na hakuna wa kujibu kwa niaba ya mwenzake. Ndiyo maana umekwenda peke yako, mpenzi wetu, wala si kwamba tulikuacha. Nenda upumzike, na amani iwe yako.